Kimeng'enya cha sfingomielini: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Kama kinavunja mafuta, basi kinaondoa kitambi." Hapana. Kimeng'enya tunachokizungumzia ni olipudase alfa, protini inayotumika kama dawa ya Niemann-Pick, ugonjwa wa kurithi ambao baadhi ya aina zake hutokana na upungufu wa kimeng'enya hicho mwilini. Mafuta ya kitambi ni trigliseridi, na olipudase alfa haiyagusi kabisa. Kazi yake ni kukata sfingomielini, mafuta yenye kolini yanayojenga utando wa seli, tena huikata mahali pamoja tu: fosfokolini ikabaki upande huu, seramidi upande ule.

Wapo pia wanaoidhania sfingomielini yenyewe kuwa sumu. La hasha. Utando wa seli haukamiliki bila hiyo, na ganda linalozunguka neva linaihitaji. Shida huanza pale iliyochakaa inapokosa wa kuivunja. Ndani ya seli mna vifuko vyenye asidi, lisosomu, ambamo mabaki hupelekwa kukatwakatwa. Mtu aliyerithi nakala mbili mbovu za jeni ya SMPD1, yenye maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya cha kazi hiyo, ana upungufu wake. Zinazoelemewa zaidi ni makrofaji, seli zinazokula mabaki ya seli nyingine. Ukitazama uboho wa mgonjwa kwa hadubini utaziona: zimevimba, zimejaa viputo vidogo vidogo kama povu la sabuni. Zikijazana kwenye bandama, tumbo hutuna na chembe za kugandisha damu hupungua. Zikijazana mapafuni, mtu hutweta kwa kupanda ngazi chache tu.

"Kwa kuwa ni kimeng'enya cha binadamu, kimetolewa kwa binadamu." Kilichotoka kwa binadamu ni maelekezo ya jeni. Maelekezo hayo hupandikizwa katika seli za ovari ya hamsta zinazokuzwa maabara, nazo ndizo hutengeneza protini. Hofu hii ina chanzo chake, tukubali: dawa ya kwanza ya kurudishia wagonjwa wa Gaucher, ugonjwa mwingine wa kurithi wa upungufu wa kimeng'enya, kimeng'enya chao, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1991, ilitolewa kwenye kondo la nyuma la wanawake waliojifungua. Mwaka 1994 ikaja iliyotengenezwa na seli za maabara. Na kwa anayeuliza mbona olipudase alfa haimezwi: ni protini, tumbo litaimeng'enya kama chakula. Hutolewa kwa dripu.

"Mgonjwa yuko hoi, mpeni dozi kamili siku ya kwanza." Hapa naomba msomaji atulie, maana ni huruma inayoweza kumdhuru mtu. Mgonjwa amebeba lundo la miaka mingi. Ukiingiza kimeng'enya kingi kwa mkupuo, lundo lote linaanza kukatwa kwa pamoja, na seramidi humwagika kuliko seli zinavyoweza kuihimili. Huja homa, kichefuchefu na maumivu. Katika panya waliozaliwa bila kimeng'enya hiki, dozi kubwa zilileta madhara makali, hata vifo, ilhali wanyama wasio na ugonjwa hawakupata madhara hayo, kwa kuwa hawakuwa na lundo la kukatwa. Ndiyo maana mtu mzima huanza na miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wake, mtoto na 0.03, kisha dozi hupandishwa polepole kila wiki mbili hadi kufika 3. Safari hiyo huchukua zaidi ya miezi mitatu. Hakuna hatua ya kuruka, hata familia ikiwa na haraka kiasi gani.

"Niemann-Pick ni ugonjwa mmoja, dawa yake moja." Dhana hii inaniuma kuliko zote, kwa sababu huwapa wazazi tumaini ambalo baadaye litawavunja moyo. Aina A na B ndizo za upungufu wa kimeng'enya hiki. Aina C hutokana na jeni nyingine, NPC1 au NPC2, ambapo kinachokwama hasa ni kolesteroli. Olipudase alfa haina kazi pale. Hata katika aina A, ambayo huharibu ubongo tangu uchangani na watoto wengi hufariki kabla ya miaka mitatu, dawa haivuki kizuizi kilicho kati ya damu na ubongo. Ulaya na Marekani zilipoiidhinisha mwaka 2022, ziliiruhusu kwa dalili zilizo nje ya ubongo.

Kwa dalili hizo faida yake ni kubwa. Katika jaribio la ASCEND, lililokuwa na watu wazima 36, bandama za waliotumia dawa zilipungua kwa takriban asilimia 39 ndani ya mwaka mmoja, na uwezo wa mapafu kupitisha gesi ukapanda kwa asilimia 22, dhidi ya 3 kwa waliopewa dawa bandia. Ila jeni inabaki vilevile, na kimeng'enya kilichoingizwa huchakaa, hivyo dripu hurudiwa kila wiki mbili.

"Ugonjwa huu umetoka ukoo wa mama." Mama wangapi wamebebeshwa lawama hii! SMPD1 iko kwenye kromosomu 11, na mtoto huugua anapopokea nakala mbovu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, wote wawili wakiwa wazima wasiojua lolote. Kwa wazazi hao, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Ndugu za mgonjwa wapimwe damu, hata ambaye tumbo lake halijavimba.