Binti wa miaka 11 hajui kama ni vita

Wiki iliyopita nilikata kurasa 4 za mswada mmoja kwa kalamu nyekundu, na mwandishi wake mpaka leo amenuna. Namwelewa. Mimi huhariri riwaya hapa Arusha, na najua kurasa zile zilimla miezi ya kusoma historia.

Ni riwaya ya makuzi: binti wa miaka 11, mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, mwaka 1993. Mtaa kauchagua vizuri, maana Buyenzi ni kwa Waswahili, na mazungumzo yanatiririka yenyewe. Mambo yaliharibika usiku wa Oktoba 21. Rais Melchior Ndadaye ameuawa na wanajeshi, hajamaliza hata miezi 4 tangu aapishwe, na binti anatutangazia kwamba "vita vya wenyewe kwa wenyewe vimeanza". Kajuaje? Siku ile hata baba yake asingethubutu kusema hivyo. Kurasa 2 mbele anagusia mazungumzo ya amani! Mkataba ulisainiwa hapa kwetu Agosti 28, 2000, Mwalimu Nyerere akiwa ameshafariki na Mandela kashika usuluhishi. Huyu binti ni mtabiri?

Nikakata. Lakini ukurasa wa 31 nilizungushia duara neno moja ambalo mwandishi mwenyewe alilipita mbiombio: bibi ananong'ona, "ikiza". Mrundi akisema hivyo anakusudia 1972, mauaji yaliyowafagia Wahutu waliosoma, walimu kwa wanafunzi, na kuwakimbiza watu kwa maelfu hadi Tanzania. Ndio walioanzisha maisha upya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Sasa piga hesabu: mama wa binti huyu mwaka 1972 alikuwa na miaka 10. Yaani nyumba ile ina watoto wawili, mmoja kesha kuwa mtu mzima, na huyo ndiye anayejua kinachokuja. Riwaya nzima imelala hapo, mwandishi kaiacha kwenye mnong'ono akakimbilia kunakili tarehe.

Nilimwandikia pembeni: "Tarehe niachie mimi na msomaji. Nionyeshe mikono ya mama."

(Alinijibu kwamba wahariri wa Arusha tunajiona sana kwa sababu ya ule mkataba. Labda.)

Juzi karudisha sura hiyo. Hakuna rais, hakuna jeshi, hata neno vita halimo. Mama anachomoa viatu vya shule uvunguni, anavifuta vumbi kwa upindo wa kanga, anamvisha binti kitandani na kufunga kamba mafundo mawili mawili. Binti anang'aka: shuka zitachafuka, na kesho atachekwa darasani viatu vikiwa na makunyanzi. Mama hajibu. Anahamia kwa mdogo wa binti, ambaye kesha lala, anamwinua mguu mmoja taratibu.

Sura hiyo sikuigusa kalamu, isipokuwa koma moja.