Uandishi wa vichekesho ni nini hasa?

Uandishi wa vichekesho ni kazi ya kupanga maneno ili msikilizaji aelekee upande mmoja, kisha neno la mwisho limgeuze. Sehemu ya kwanza ni mtego. Ya pili, inayofyatua, wachekeshaji wetu huiita panchi.

Tuchukue mfano wa hapa Dodoma. Mtumishi kahamia kutoka Dar, baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia makao makuu. Mkewe anampigia simu:

"Baba Neema, nasikia huko kuna upepo?"

"Wa kawaida tu, mama Neema. Jana nilianika shati Nkuhungu, leo nimelianua Bahi."

Nkuhungu ni kata ya hapa jijini; Bahi ni mji ulio mbali, upande wa magharibi. "Wa kawaida tu" ndiyo inayotega. Iondoe, na jamaa anabaki analalamika. Angesema "nimeliokota", angekuwa ameshakiri kwamba shati lilipeperuka. "Nimelianua" inamwacha mtulivu, kana kwamba kamba ya nguo huanzia Nkuhungu ikaishia Bahi. Na Bahi imewekwa mwisho makusudi. Ukiendelea na "maana upepo ni mkali sana", umeua kicheko, kwa sababu umemnyang'anya msikilizaji nafasi ya kugundua mwenyewe. Kwa nini isiwe Chamwino? Upepo wetu aghalabu hutoka mashariki, na Chamwino iko hukohuko unakotokea. Mwenyeji angeanza kubisha badala ya kucheka!

Kazi yote hiyo haionekani, na inaniuma. Majina ya wachekeshaji tunayo mdomoni: King Majuto aliyefariki 2018, Joti, Masanja, Mpoki. Ukiuliza nani aliandika kichekesho fulani, wengi tunakwama. Mara nyingine mwandishi na mchekeshaji ni mtu mmoja, lakini hata hapo tunasifia mdomo tukaisahau kalamu. Shuleni nako futuhi na ramsa, yaani michezo ya kuigiza ya kuchekesha, ni istilahi za kukariri kwa ajili ya mtihani. Ni nadra mwanafunzi kuambiwa akaandike yake, aisome mbele ya wenzake, kisha arudi kukata maneno pale walipokaa kimya.

Kukata huko ndiko uandishi wenyewe. Mpiga soga wa kijiweni Jamatini anasaidiwa na sura, sauti na mikono. Mwandishi ana maneno tu. Akiipeleka panchi ileile Mwanza, ambako wengi hawajui Bahi iko wapi, itabidi shati lifike Singida.