“Kabila la 44”: kisanduku cha kabila kwenye fomu kina maana gani?

“Kenya ilikuwa na makabila 42, Wamakonde wakawa wa 43, Wakenya wenye asili ya Asia wakawa wa 44.” Maneno haya husemwa jukwaani, redioni na hata darasani, kana kwamba kuna daftari ambamo makabila huingia moja baada ya jingine kwa idhini ya Rais. Yanachanganya mambo mawili, kabila na uraia, na mkanganyiko huo umewatesa watu wengi wa Pwani na wa Kaskazini.

Kabila, kwa maana ya fomu, ni jibu la mtu mwenyewe kuhusu jamii anayojihesabu ndani yake. Sheria ya Usajili wa Watu, Sura ya 107, inapotaja habari za kuandikwa kwenye rejista, inataja kabila au rangi ambayo mtu ameitangaza. Ameitangaza yeye. Uraia ni kitu kingine kabisa. Kwa Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010, wewe ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku uliyozaliwa baba yako au mama yako alikuwa raia wa Kenya. Soma kifungu chote, hutaona neno kabila likiwekwa kama sharti.

Basi hiyo 42 ilitoka wapi? Mara nyingi hutajwa sensa ya 1969. Lakini orodha ya sensa ni orodha ya misimbo, yaani namba wanazopewa watu wa kila jamii, ya kurahisisha kuhesabu, na makarani huibadilisha. Mwaka huo wa 1969 Wakipsigis, Wanandi na Watugen walihesabiwa kila mmoja peke yake. Ilipofika 1979 wakakusanywa chini ya jina moja, Wakalenjin. Hakuna aliyezaliwa upya katika miaka hiyo kumi, na hakuna kabila lililokufa. Kilichobadilika ni safu kwenye jedwali. Sensa ya 2009 ikatoa misimbo zaidi ya 100, na Wanubi, ambao babu zao waliletwa na jeshi la Mwingereza na kukaa Kibra, Nairobi, tangu enzi za ukoloni, wakapata wa kwao. Ukishajua hayo, kuendelea kuhesabu 43, 44, 45 juu ya ile 42 hakuna msingi.

Kisanduku chenyewe ni cha zamani kuliko Jamhuri. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilitungwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika alibeba kipande, mara nyingi kwenye kikopo cha bati kilichoning’inia shingoni, kikiwa na jina lake, kabila lake na habari za mwajiri wake. Mkoloni alitaka kujua huyu ni wa wapi, arudishwe wapi akitoroka kazi. Serikali huru ilirithi swali hilo. Tanzania iliwauliza watu kabila mara ya mwisho katika sensa ya 1967, ikaacha. Rwanda iliondoa kabila kwenye vitambulisho baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, kwa kuwa kwenye vizuizi vya barabarani neno moja kwenye kadi lilitosha kumuua mtu. Kitambulisho cha Kenya hakichapishi kabila, lakini fomu ya kukiomba inaliuliza.

Na hapa ndipo penye uchungu. Wamakonde wa Kwale hawakukosa kabila hata siku moja. Wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, na Wamakonde walijulikana kwa uchongaji wao kabla Kenya haijaitwa Kenya. Walichokosa ni uraia. Bila kitambulisho hufungui akaunti ya benki, husajili laini ya simu, hupigi kura, huajiriwi kihalali. Ndiyo maana Oktoba 2016 walitembea kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai uraia. Njia ya kisheria ilikuwepo tayari: Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 iliruhusu kusajiliwa kwa watu wasio na utaifa waliokuwa wakiishi nchini tangu 12 Desemba 1963, pamoja na wazao wao. Walipopewa vitambulisho Februari 2017, vyombo vya habari vikaandika “kabila la 43”, na habari ya uraia ikafunikwa. Washona, jamii yenye asili ya Zimbabwe, walipata uraia vivyo hivyo 2021, na Wapemba wa Kilifi na Kwale 2023. Fikiria Mpemba: ndugu yake aliyebaki Wete, kisiwani Pemba, hakukoseshwa usingizi na kisanduku cha kabila, naye kwa kuvuka maji tu na kuvua samaki Kenya, akaambiwa kabila lake halimo.

Athari ya usemi huu naiona kwa vijana. Mtu hufika kwa karani, karani hapati jina la jamii yake kwenye orodha, anamwambia, “Wewe si Mkenya.” Wanubi na Wasomali wenye wazazi raia wamepelekwa mbele ya kamati za wazee kuthibitisha asili yao, jambo ambalo jirani yao Mkamba hajawahi kuulizwa. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki za Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi kwa kuwaacha bila uhakika wa uraia. Msimbo wa sensa walikuwa wameshaupata miaka miwili kabla.

Kwa hiyo mwalimu au mtangazaji akitaka kulisema jambo hili sawasawa, aseme Wamakonde walisajiliwa kuwa raia wa Kenya. Na karani asiyeona jina la jamii ya mtu kwenye orodha yake, aandike lile analoambiwa na mwenyewe, kisha aombe cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi.