"Daktari, usimwambie mama"

Wiki hii tena, mtoto wa mgonjwa amenisubiri nje ya chumba cha kliniki hapa Moshi na kuniomba nisimweleze mama yake majibu ya MRI, picha ya ubongo iliyoonyesha ugonjwa wa mishipa midogo, kwa kuwa akijua ataingiwa na mawazo, presha itapanda na kiharusi kitampiga. Ombi hili hutoka kwenye upendo, lakini humdhuru yule yule anayelindwa.

Ugonjwa wa mishipa midogo ya ubongo hauletwi na habari mbaya ya siku moja. Ni kazi ya miaka: presha isiyodhibitiwa hukaza na kunenepesha kuta za vijishipa vinavyolisha sehemu za ndani za ubongo, huku umri, kisukari na sigara vikiongezea. Madoa yanayoonekana kwenye picha yalikuwepo kabla ya yeyote kuyajua. Takribani robo ya viharusi vya kuziba kwa mishipa hutokana na ugonjwa huu, kwa hiyo hofu ya mama ina msingi, na kumwambia "usiwe na mawazo" ni kumwachia aibebe peke yake.

Ni kweli kwamba hofu hupandisha presha, ila kwa kitambo. Kinachonisumbua ni yale ambayo hofu isiyopewa maelezo humfanyisha mtu. Hupima presha kila saa, namba ikamtisha, na kile kitisho kikapandisha namba inayofuata. Huacha kwenda shambani au kanisani akidhani usalama uko kwenye kukaa, ilhali kutembea ni sehemu ya tiba. Huenda duka la dawa kununua aspirini, ingawa kwa mtu ambaye picha imeonyesha madoa tu na hajawahi kupata kiharusi wala dalili zake zinazokuja na kuisha zenyewe, aspirini haijathibitika kumkinga, na inaweza kumsababishia kutokwa damu. Hata kwa waliokwisha kupata kiharusi cha aina hii, utafiti wa SPS3, uliohusisha wagonjwa 3,020, ulionyesha mwaka 2012 kwamba kuongeza klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, juu ya aspirini kwa muda mrefu hakukupunguza viharusi vipya, bali kuliongeza kutokwa damu na vifo.

Na yule aliyefichwa? Presha ikishuka anaacha vidonge, kwa sababu hakuna aliyemwambia vinamkinga na nini. Huyo ndiye ninayemhofia zaidi.

Sitaki kudai uhakika nisio nao. Katika SPS3 hiyo hiyo, kushusha namba ya juu ya presha hadi chini ya 130 kulipunguza waziwazi kuvuja damu ndani ya ubongo, lakini upungufu wa viharusi kwa jumla haukufikia kiwango cha kuthibitika; na kwa bibi anayepata kizunguzungu kila anaposimama, nasita kuikimbilia namba hiyo. Siwezi pia kuitazama picha nikasema nani atapigwa na lini.

Ninayoweza kumpa mgonjwa ni kazi ya kufanya. Apime presha asubuhi na jioni katika wiki inayotangulia kliniki, akiwa ameketi kimya dakika tano, aandike namba, kisha mashine irudi kabatini. Usingizi ukikataa kwa wiki kadhaa, aniambie, kwa sababu wasiwasi nao unatibika. Uso ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakigoma, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo bila kusubiri kupambazuke, hata dalili zikiisha zenyewe njiani.