Dawa za tezi dume: ya kulegeza na ya kusinyaza

Mzee akija kliniki akaniambia "daktari, mimi natumia dawa ya tezi dume", namuuliza kwanza: ipi? Wengi hawajui, na hapo ndipo matatizo huanzia, kwa kuwa dawa hizi hazifanyi kazi moja.

Tezi dume imeuzunguka mrija wa mkojo chini kidogo ya kibofu, kama pete kidoleni. Umri ukisonga, pete hunenepa. Huko si kuugua saratani, ila mkojo unasuasua, unakatikakatika, na usiku mtu hana usingizi kwa safari za chooni. Asiyesumbuka sana hahitaji kidonge. Apunguze chai na vinywaji vya jioni, apimwe tena baadaye.

Dawa za kulegeza, kama tamsulosini, alfuzosini na doksazosini, hulainisha misuli ya tezi na ya shingo ya kibofu. Nafuu huja ndani ya siku au wiki chache, lakini tezi yenyewe haipungui hata punje. Zinaweza kushusha presha, kwa hiyo mzee anayeamka saa nane usiku aketi kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama. Tamsulosini huweza pia kuzuia shahawa kutoka. Haina hatari, ila usipoambiwa mapema utashtuka. Na ukipangiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, mwambie daktari wa macho kuwa unaitumia au uliwahi kuitumia, maana hulegeza hata misuli ya ndani ya jicho na kumtatiza mpasuaji.

Za kusinyaza ni finasteridi na dutasteridi. Asili yake inanivutia kila nikiisimulia. Mwaka 1974 watafiti walieleza habari za familia za kijiji cha Salinas, Jamhuri ya Dominika, ambamo baadhi ya wavulana walizaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoigeuza homoni ya kiume kuwa ile kali zaidi. Walipokuwa watu wazima, tezi dume zao zilibaki ndogo. Wanasayansi wakatafuta kidonge cha kukizuia kimeng'enya hicho, na mwaka 1992 Marekani ikaidhinisha finasteridi.

Kidonge hiki kinataka subira. Humfaa mwenye tezi kubwa, na huchukua miezi 6 hivi kabla ya kuonyesha kazi yake. Wagonjwa wangu wengi hukiacha mwezi wa pili wakisema wamepewa dawa feki! Kinaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa au nguvu za kiume, na mjamzito asishike kidonge kilichovunjika. Jambo linalosahaulika sana: hushusha karibu nusu kipimo cha PSA, yaani kipimo cha damu cha kuchunguza saratani ya tezi dume. Daktari asiyejua unakitumia anaweza kuona namba nzuri huku saratani imejificha.

Tezi ikiwa kubwa na dalili nzito, tunaunganisha ya kulegeza na ya kusinyaza. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2003, wenye wanaume 3,047, doksazosini pamoja na finasteridi zilipunguza hatari ya ugonjwa kuendelea kwa asilimia 66, wakati kila moja peke yake haikufika 40.

Tadalafili ya miligramu 5 kila siku husaidia mkojo na nguvu za kiume pia, lakini ni marufuku kwa anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti.

Na magome? Mti wa Prunus africana, ambao Wakikuyu huuita muiri, una dondoo linalouzwa Ulaya kwa miongo mingi. Huenda likapunguza dalili kidogo, tezi halisinyazi. Miti yenyewe ilibanduliwa magome kiasi kwamba biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa tangu 1995.

Jihadhari na dawa za mafua za dukani. Baadhi hufunga mkojo. Mkojo ukifunga kabisa na tumbo la chini likauma, usiongeze kidonge wala maji. Nenda hospitali usiku huohuo uwekewe mpira wa kutoa mkojo. Dawa ya kulegeza ikianzishwa siku chache kabla mpira haujatolewa, uwezekano wa kukojoa mwenyewe huongezeka.