Muvi ya wizi wa benki ni muvi gani hasa?

Kwenye vibanda vya video vya Majengo au Kongowea, Mombasa, muvi yoyote yenye bunduki na magunia ya pesa ni "ya majambazi", basi. Lakini humo ndani kuna aina moja iliyo mbali na nyingine: ile ambayo wizi wenyewe ndiyo hadithi. Genge linakutanishwa na kazi moja tu. Kazi ikiisha au ikiharibika, muvi nayo imekwisha.

Roho yake ni mchoro, yaani mpango wa kazi. Mkubwa wao anatafuta watu mmoja mmoja: fundi wa sefu, dereva, na mtu wa ndani ya benki anayejua zamu za walinzi. Ramani inatandazwa mezani, saa zinalinganishwa. Kufikia hapo mtazamaji ameshatiwa njamani bila kuulizwa. Mlinzi akikohoa tu, kibanda kizima kinabana pumzi, na watu wale wale ambao asubuhi walimkimbiza mwizi wa simu pale Marikiti sasa wanamwombea jambazi apite salama. Steringi ni mwizi, utafanyaje?

Mfano niupendao ni wa duka la vito, si benki: Rififi, iliyotengenezwa Ufaransa mwaka 1955. Wezi wanatoboa sakafu ya ghorofa ya juu, wanapenyeza mwavuli kwenye tundu na kuufungua upande wa chini, vifusi vidondokee humo king'ora kisisikie. Karibu nusu saa nzima hakuna neno wala muziki. (Sijui wale wanaotutafsiria muvi kwa maikrofoni wangefanya nini na kimya hicho.)

Baada ya hapo ni mgao, na mgao ndio huwaponza. Tangu 1934 hadi 1968 Hollywood ilikuwa na kanuni zisizoruhusu mhalifu kuibuka mshindi, kwa hiyo siku arubaini za mwizi zilibanwa ndani ya saa mbili. Kanuni zilipoondoka, mazoea yalibaki.

Halafu kuna kutoroka. Hapo Mombasa ingemsumbua mchoraji yeyote: benki za barabara ya Nkrumah ziko kisiwani, na gari likitoka hapo ni foleni ya Nyali, foleni ya Makupa, ama Likoni, umesimama na gunia lako ukingoja feri, na muuza njugu anakuangalia.