Nyumba ikiuzwa tena Kenya: ushuru upi, wa nani, kwa hesabu gani

Nyumba ikiuzwa Kenya, serikali hukusanya ushuru mara mbili katika mauzo hayo hayo. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, muuzaji hulipa ushuru wa faida ya mali. (Nasema "ushuru" makusudi, maana Mkenya akisikia "kodi ya nyumba" fikra zake zinamwendea landilodi.) Watu huzichanganya hesabu hizi kwa kuwa zote hupitia mikononi mwa mawakili na hulipwa kwenye mtandao wa iTax, ilhali kila moja ina msingi wake.

Ushuru wa stempu ni mwepesi kueleweka: asilimia 4 ya thamani kwa nyumba ya mjini, asilimia 2 kwa ya mashambani. Ila thamani hiyo si lazima iwe bei mliyopatana. Mthamini wa serikali huikadiria nyumba, na makadirio yake yakizidi bei ya mkataba, unalipa kwa makadirio. Shemeji akikuuzia kwa bei ya undugu, undugu huo haumhusu mthamini.

Kazi iko kwa muuzaji. Ushuru wa faida ulisimamishwa mwaka 1985, ukarudishwa Januari 2015 kwa asilimia 5, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Hautozwi kwa bei nzima bali kwa faida peke yake, na kiwango kinachotumika ni cha siku unayouza, hata kama ulinunua zamani.

Tuseme mtu alinunua nyumba Nakuru mwaka 2016 kwa shilingi milioni 6. Alilipa stempu 240,000 na wakili 90,000. Baadaye akaongeza chumba cha nje na kujenga ukuta, vyote kwa 1,170,000. Jumla ya gharama zake ni milioni 7.5. Mwaka 2025 anaiuza kwa milioni 11, na wakili pamoja na dalali wanachukua 400,000; kinachobaki ni milioni 10.6. Faida ni milioni 3.1, na asilimia 15 yake ni shilingi 465,000. Mnunuzi naye, mthamini akisema nyumba ni ya milioni 12, atalipa stempu 480,000.

Sasa mwondolee muuzaji huyo risiti za fundi, saruji na mabati. Ile 1,170,000 haikubaliki bila ushahidi, na ushuru wake unapanda kwa 175,500. Risiti ya hadwea iliyofifia ndani ya droo ina thamani kuliko inavyoonekana.

Kuna na ujanja wa kuandika bei ya chini kwenye mkataba ili stempu ipungue. Mbali na kwamba ni kosa kisheria, ni hesabu mbovu. Kama mtu wetu angeandika milioni 4 badala ya 6, na mthamini akapitisha, angeokoa 80,000 wakati ule. Leo karatasi zingeonyesha faida iliyoongezeka kwa zaidi ya milioni 2, naye angedaiwa 300,000 na ushei juu ya ile 465,000. Mimi ningelipa stempu yangu yote mapema nikalala.

Ipo nafuu kubwa, ambayo wengi huisikia nusu. Nyumba uliyoishi mwenyewe mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuihamisha haitozwi ushuru wa faida. Neno zito hapo ni "kabla ya kuihamisha", yaani miaka mitatu inayoishia kwenye mauzo. Aliyeishi humo miaka minane, akaenda kufanya kazi Doha na kuweka mpangaji miaka miwili, kisha akauza, hana nafuu hiyo. Wala aliyenunua ili apangishe tangu mwanzo hana.

Mume na mke wakihamishiana mali hawatozwi ushuru wa faida, wala mtu binafsi anayeuza kiwanja au nyumba isiyozidi shilingi milioni 3. Misamaha hiyo ni ya upande wa muuzaji; mnunuzi wa nyumba ya milioni 2.8 mjini Nakuru bado ana stempu yake ya asilimia 4, na anatakiwa kuilipa ndani ya siku 30 tangu hati ya uhamisho itiwe sahihi.